Jiwe la Kilo

Shilingi mia na themanini,
zimekunjwa ndani ya soksi ya chuoni,
zimeng'ang'aniwa na harufu ya pilipili manga.
Sikuhitaji kuuliza ni za nani.
Langoni nzima, pesa za Bi Mwanate
hunuka sambusa zake.

Lali alisimama dakani,
miaka tisa, goti lina kidonda cha juzi,
akivihesabu vidole vyake
kana kwamba ameibiwa kimoja.

Mamangu akawa wa kwanza kunena:
"Mchelea mwana kulia, hulia yeye."
Shemeji Twalib akavua mkanda, akanikabidhi.
Jirani, kutoka dirisha la wikio, akashauri
kisu kitiwe motoni, ncha tu,
"vidole viwili, asisahau."
Mke wangu Zuena hakutia neno.
Alikuna nazi,
na mbuzi ikasema kwa niaba yake.

Asisahau.
Mimi sijasahau.
Hapa, kwenye kidole cha shahada,
pana ngozi laini isiyo na mistari:
ni sukari guru, kipande kama kokwa ya tende,
na baba aliyerudi kutoka Kiwayu mikono mitupu.
Watu hudhani moto ule ulinifunza.
Ulinifunza, kweli.
Ulinifunza kuiba kwa mkono wa kushoto,
kutafuna midomo ikiwa imefumba,
kumtazama baba machoni nikaapa.

Nikamrudishia Twalib mkanda wake.
"Suruali itakuanguka," nikamwambia.

"Ndoo," nikamwita mwanangu. Tukatoka wawili.
Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani:
utazirudisha kwa mkono wako.
Utalitamka neno lenyewe, nimeiba,
si nimechukua, si nimeokota.
Ijumaa tatu utamtekea Bi Mwanate maji,
utamsugulia masufuria mpaka yamuone uso.
Nami sitakuita mwizi, wala sitaruhusu uitwe,
kwani jina lililopakwa kwa ulimi
halitoki kwa sabuni.

Punda wa kokoto wakaja, tukajibana ukutani.
Hapo ndipo alipouliza, sauti ndogo,
si ya ukaidi, ni ya mtu anayetaka hesabu itimie:
"Baba, na lile jiwe la kilo?"

Jiwe gani?

"La dukani. Ulilolikwangua risasi chini,
ukaziba kwa nta, usiku wa kuamkia Ramadhani.
Lile tutalirudisha kwa nani?"

Mkono ulipanda, sitadanganya.
Ulifika usawa wa bega.
Punda wa mwisho alishapita
na mimi bado nimebanwa ukutani.

Mwana hutazama kisogo cha nina, husema watu.
Wangu ameutazama mkono wangu wa kushoto.

Kwa Bi Mwanate alilisema neno.
Alilisema vibaya, akalirudia.
Bibi akahesabu, akahesabu tena:
"Zimepungua kumi."
"Nilinunua mabuyu."
"Basi utateka na Jumamosi moja."
Hakumkumbatia, hakumpa sambusa ya bure.
Nilimshukuru kwa hilo, kimoyomoyo.

Jiwe nimelitupa. Limekuja jipya, zito,
lina muhuri, halijazoea kiganja changu.
Kila apimaye mchele namzidishia konzi.
Mzee Badi ameniuliza, "Kwani umeoa tena?"
Nikacheka. Kucheka ni rahisi.
Lile neno nililomtaka mtoto alitamke
nimelitia kinywani mara tatu mbele ya wateja.
Lina uzito wa kilo kamili.
Nimelimeza, nikasema, karibu tena.

Jioni Lali hurudi mikono imelowa, kucha nyeusi masizi.
Hupita dukani, hutupia mizani jicho,
kisha hunitazama, haulizi.

Yeye amebakiza Ijumaa moja na Jumamosi yake.
Mimi sijaanza.